Podikasti ya shule kwa simu moja: mwongozo kamili kwa mwalimu mlezi wa klabu

Mwulize mwalimu kwa nini shule yake haina podikasti, yaani vipindi vya sauti vilivyorekodiwa, atakutajia vifaa. Hakuna maiki, hakuna studio, hakuna bando. Vifaa ni tatizo dogo: simu janja ya kawaida inatosha kurekodi, na programu nzuri za kuhariri zinapatikana bure. Klabu nyingi zinakwamishwa na sisi watu wazima. Mwalimu anachagua mada, anaandika maswali, anamsahihisha mtangazaji Kiingereza kila sentensi, na mwisho kinatoka kipindi kinachofanana na risala ya mahafali. Mgeni rasmi anapiga makofi, wanafunzi wanasinzia.

Nimeandika nikimfikiria mwalimu wa sekondari ya bweni Tanzania mwenye simu moja, kompyuta moja ya ofisi ya taaluma, na wanafunzi kumi hivi wanaobaki baada ya vipindi. Wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi na sheria. Kazi yenyewe ni ileile.

Anzia kwa mkuu wa shule

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na klabu isiombe kanuni hiyo ilegezwe. Simu iwe ya mwalimu au ya klabu. Inatoka ofisini saa tisa alasiri, inaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la aliyeichukua, inarudi kabla ya saa kumi na mbili. Toa laini kabisa na uzime Wi-Fi. Simu isiyo na laini ni kinasa sauti tu, na mwalimu wa nidhamu hatakuwa na hoja.

Hofu halisi ya mkuu wa shule ni nyingine: kipindi kitoke, mzazi apige simu wilayani, yeye aitwe kujieleza. Ni hofu ya haki, kwa hiyo mpelekee makubaliano ya ukurasa mmoja. Yaseme kwamba kila kipindi kitasikilizwa na mtu mzima mmoja (mmoja, kamati huua kila kitu) ndani ya siku mbili, na kwamba atakizuia kwa sababu tatu tu: kinamdhuru mtu, kina jambo lisilo kweli, au kinavunja sheria. "Sijakipenda" isiwe sababu. Wanafunzi wawepo mnapotia saini. Wakijua mpaka uko wapi watacheza uwanja mzima. Wasipoujua watajibana katikati na kutengeneza vipindi kuhusu umuhimu wa elimu.

Masikio kwanza

Kikao cha kwanza kisiwe na simu. Watoe nje, wakae kimya dakika tano, mmoja karibu na jiko, mwingine kwenye bomba, mwingine uwanjani, kila mmoja aandike anachosikia. Wakirudi, orodha za mwanzo zitakuwa na "watu wanaongea" na "ndege". Warudishe. Mara ya pili utapata ndoo ya bati ikiburuzwa kwenye saruji, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mtu akihesabu "moja mbili, moja mbili" kwenye mchakamchaka wa adhabu. Hizo ndizo sauti zitakazomfanya msikilizaji aone mahali bila kuambiwa.

Kikao cha pili wachezee makala moja ya Idhaa ya Kiswahili ya DW au BBC. Simamisha baada ya dakika moja uulize: nani anaongea, umejuaje, nini kinasikika nyuma yake, swali la mwandishi lilikuwa lipi? Mara nyingi swali lenyewe limekatwa, limebaki jibu. Wakigundua hilo wenyewe umeokoa wiki nzima ya kufundisha uhariri.

Mada: ibane mpaka itoe jasho

Ukiomba mada utaletewa "mazingira", "madawa ya kulevya" na "nidhamu". Hizo ni mada za mdahalo. Waulize badala yake: wiki hii mmebishana nini bwenini? Hapo ndipo panapotoka kwa nini bomba la upande wa wasichana hukauka saa kumi, nani huwa anachora ile michoro nyuma ya maabara, kengele ya shule ilitoka wapi, mlinzi aliyekuwepo kabla ya walimu wote anakumbuka nini.

Chukua "chakula shuleni". Hakuna kipindi hapo, ni kichwa cha insha tu. Ibane: nani anaamka saa tisa usiku ili uji uwe tayari saa kumi na mbili? Sasa kuna mtu, kuna saa, kuna moto na kuni. Mimi hupima mada kwa kuuliza kama anayeweza kuijibu yuko umbali wa dakika kumi kwa miguu, kama ina sauti yake yenyewe, na kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza angependa kujua jibu. Ikishindwa mawili kati ya hayo, tunaiacha bila majonzi.

Urefu: dakika tano kwa vipindi vya mwanzo. NPR, shirika la redio la umma la Marekani lililoanza kupokea kazi za shindano lake la podikasti za wanafunzi mwaka 2019, baadaye liliweka ukomo wa dakika 8, na nadhani walikuwa na huruma kwa masikio ya waamuzi. Mtoto akikuambia ana mambo ya dakika arobaini, ana mambo ya dakika tano ambayo hajayachagua.

Kugawana kazi

Unahitaji mtayarishaji anayeshika ratiba, watafiti wawili wa kutafuta watu na habari, mtangazaji, fundi sauti, wahariri wawili na mtunza kumbukumbu. Wote watakimbilia utangazaji, na klabu itataka kumpa yule bingwa wa mdahalo. Usikubali kirahisi. Sauti ya jukwaani hupiga kelele. Podikasti inahitaji mtu anayeongea kama anamsimulia jirani wa kitanda. Badilisha nafasi kila kipindi. Kwa nilivyoona, watoto wakimya, wale wasionyoosha mkono darasani, ndio wanaogeuka wahariri wakali, kwa sababu wamezoea kusikiliza.

Lugha nayo iamuliwe mapema. Shule zinazolazimisha Kiingereza hata kwenye foleni ya chakula zitataka kipindi kiwe cha Kiingereza. Kipindi cha Kiingereza kiwepo, ni mazoezi mazuri, lakini anayehojiwa aongee lugha anayoimudu. Mpishi akilazimishwa Kiingereza utapata "yes" na "very good" kwa dakika kumi. Mtangazaji atoe muhtasari wa jibu kwa Kiingereza baadaye, kama redio zote zinavyofanya.

Mahojiano

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu kipindi kibovu karibu kila mara kilikufa kwenye maswali. Wanafunzi wetu wamefundishwa swali lina jibu sahihi, hivyo huuliza kama mtihani: "Je, unaona umuhimu gani wa chakula bora kwa wanafunzi?" Mpishi atajibu kama mtihani.

Waelekeze kuuliza juu ya tendo, saa na kitu. Badala ya "Unajisikiaje kuwa mpishi?" waulize "Ukifungua mlango wa jiko, mkono wako unagusa nini kwanza?" Badala ya "Changamoto zako ni zipi?", swali ambalo limechosha nchi nzima, waulize "Ni siku gani chakula kiliharibika, ukafanya nini?" Halafu wafundishe swali lenye nguvu kuliko yote, ambalo halina maneno: kunyamaza. Mtu akimaliza jibu, hesabu kimoyomoyo mpaka nne. Mara nyingi ataongeza jambo, na jambo hilo ndilo litakaloingia kwenye kipindi.

Shikamoo ziishe kabla ya kubonyeza kitufe. Mhojiwa akae, aulizwe habari za nyumbani, aelezwe kipindi kinahusu nini na kitasikika wapi. Kisha rekodi ianze kwa yeye mwenyewe kutaja jina na kazi yake, ili msikilizaji amsikie akijitambulisha na fundi apate nafasi ya kupima sauti. Maswali yaandikwe kwa kifupi, matano yanatosha, na karatasi iwe kwa mtafiti, isiwe mkononi mwa anayehoji. Mwenye karatasi husoma swali la tatu wakati jibu la pili limemfungulia mlango.

Kurekodi

Adui wa kwanza ni mwangwi. Darasa letu la kawaida, saruji chini, kuta tupu, hakuna dari, linafanya kila sauti isikike kama ya mtu aliye kisimani. Ingia stoo ya magodoro. Kama hakuna, kaa kati ya vitanda viwili vya bwenini vyenye blanketi zilizoning'inizwa, au kona ya maktaba iliyozungukwa na vitabu. Nguo na godoro hula mwangwi. Mvua ikianza kugonga bati, ahirisha. Hakuna programu itakayoiondoa.

Simu iwe katika hali ya ndegeni. Tafuta maiki yake: kwa simu nyingi ni kitundu kidogo upande wa chini, karibu na tundu la chaji, na watoto huwa wanakiziba kwa kidole. Ishikwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" isipige maiki moja kwa moja. Nje kwenye upepo ivishe soksi safi, nyembamba. Mhojiwa asishike simu; anayehoji ndiye ashike, na akiwa na swali aisogeze kwake.

Kabla ya mahojiano rekodi sekunde 20, kisha sikiliza kwa hedifoni. Usisikilize kwa spika ya simu, inaficha makosa. Utasikia jenereta, friji ya kantini, au saa ya ukutani ambayo hamkujua kwamba ipo. Mkimaliza, kila mtu anyamaze sekunde 30 huku simu ikiendelea kurekodi. Ukimya huo wa chumba utatumika kuziba mahali mlipokata maneno.

Usisahau sauti za mahali, dakika moja moja: kuni, uji ukichemka, foleni ya sahani. Na hapa kuna suala la uaminifu. Mwanafunzi hawezi kutoka bwenini saa tisa usiku kurekodi jiko, na hapaswi. Basi rekodini jioni, na mseme ni jioni. Kuni za jioni hazitangazwi kuwa za alfajiri.

Siku hiyohiyo faili zihamishiwe kwenye kompyuta na kwenye flashi ya klabu, zikiwa na majina yanayoeleweka: tarehe, jina la kazi ya mhojiwa, namba ya rekodi. Faili linaloitwa "New recording 7" litapotea kabla ya Ijumaa.

Andika kwa ajili ya mdomo

Hati ya kipindi iandikwe baada ya mahojiano. Kabla yake hujui una nini mkononi. Wafundishe kuiandika kwa safu mbili, sauti na maneno. Mfano wa mwanzo wa kipindi cha jikoni:

SAUTI: kuni zikipasuliwa, sekunde 6, kisha zinashuka chini ya maneno.
MTANGAZAJI: Hizi ni kuni za kesho. Mama anazipasua jioni hii, kwa sababu saa tisa usiku hatakuwa na muda.
MPISHI: Nikiamka naenda kwanza kwenye moto. Sinawi uso. Moto ukikataa, wote mmekosa uji.
MTANGAZAJI: Sisi tunamwona saa kumi na mbili tu, akiwa nyuma ya sufuria. Leo tunarudi nyuma kwa muda wa saa tatu.

Hakuna "Hamjambo wasikilizaji wetu wapendwa popote pale mlipo". Salamu na jina la kipindi vije baada ya kumnasa msikilizaji, na visizidi sekunde kumi. Kila sentensi isomwe kwa sauti. Ikimkata mtu pumzi, igawe. Usimruhusu mtangazaji kusema maneno yaleyale ambayo mhojiwa anakuja kuyasema sekunde tano baadaye. Ni ugonjwa wa redio nyingi, na watoto wanauiga haraka.

Kuhariri

Audacity ni programu ya bure, inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na haihitaji kompyuta yenye nguvu sana. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa mfumo wa m4a, ambao Audacity kwenye Windows haifungui mpaka uongeze kifurushi kiitwacho FFmpeg. Kiwekeni mapema, au chagueni programu ya kurekodi inayotoa WAV, mfumo mwingine wa faili la sauti.

Lakini uhariri uanze kwenye daftari. Wahariri wawili wasikilize mahojiano yote mara moja bila kugusa chochote, waandike dakika na sekunde ya kila jambo lililowafanya wainue kichwa. Kutoka mahojiano ya dakika 20, watakuta vipande sita au saba. Wavipange upya kwenye karatasi mpaka hadithi isimame. Ndipo wafungue kompyuta. Aliyeanza kukata moja kwa moja kwenye skrini atakata "aaa" na "yaani" kwa saa mbili, kisha agundue kipande chote hakihitajiki.

Pumzi ziachwe. Mtu asiye na pumzi anasikika kama mashine. Na kukata kusibadili maana: kama mpishi alisema "mchele ulikuwa mbaya, lakini walibadilisha siku ileile", huwezi kuishia kwenye "mbaya". Huu ni mpaka ambao mwalimu ausimamie bila mjadala.

Sauti za watu wawili zilingane, vilele, yaani pale sauti inapopanda zaidi, vikikaa karibu na desibeli -6 kwenye kipimo. Kelele ya nyuma inaweza kupunguzwa kwa kuionyesha programu ule ukimya wa sekunde 30. Ipunguze kidogo tu, ukizidisha maneno yataanza kuwa kama yanasemwa ndani ya maji. Mkimaliza, tunzeni faili la mradi na mtoe MP3 ya sauti moja, yaani mono, kwa kasi ya 64 kbps. Kwa maongezi inatosha kabisa, na kila dakika inakula karibu nusu megabaiti. Kipindi cha dakika 10 kinakuwa kama MB 5. WAV ya mono yenye urefu huohuo ingefika MB 53, na hakuna mzazi atakayeipakua.

Kuhusu muziki: wimbo wa msanii maarufu, hata sekunde kumi, una mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo. Mna kwaya, mna kikundi cha ngoma, mna mtoto anayepiga beati kwa penseli juu ya dawati. Mrekodini huyo. Shule yenye kiashiria chake cha sauti inatambulika haraka kuliko iliyoazima.

Ruhusa na usalama wa mtoto

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na karibu klabu yako yote imo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa sauti na majina yao pia. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Pata saini ya mzazi au mlezi mwanzoni mwa mwaka, kwenye fomu fupi inayosema kipindi kitasikika wapi. Watu wazima wanaohojiwa wakubali kwa sauti, ndani ya rekodi.

Hewani tumia jina la kwanza tu. Usitaje chumba cha bweni, njia anayopita mtoto kwenda nyumbani, wala hali yake ya afya. Na itatokea siku moja mtoto, akiwa mbele ya maiki, aseme jambo zito: kipigo, kuguswa vibaya, mimba. Simu izimwe hapohapo. Hiyo si habari ya kipindi hata kama yeye mwenyewe anataka isikike. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na klabu nzima ijue namba 116, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto Tanzania na Kenya.

Kusambaza

Msikilizaji wenu wa kwanza yuko ndani ya geti. Spika ya shule, Ijumaa bwaloni, kipindi cha dakika tano, kisha dakika kumi za maoni. Tanzania ilishawahi kufundisha mamilioni hivi: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitegemea vikundi vilivyokaa kuzunguka redio moja, vikasikiliza, vikajadili, vikaenda kuchimba vyoo. Kukaa pamoja kulikuwa sehemu ya kazi. Wahariri wasimame pembeni ya bwalo waangalie nyuso, waandike ni dakika gani watu walianza kugonga vijiko. Hapo ndipo pa kukata safari ijayo.

Kundi la wazazi la WhatsApp ni hatua ya pili. Tuma faili kama hati badala ya ujumbe wa sauti, ili jina lake libaki.

Mtandao wa wazi uje mwisho, mkishakuwa na vipindi vinne au vitano mnavyojivunia. Huduma kama Spotify for Creators hupokea faili bure na kutengeneza mlisho wa RSS ambao programu nyingine za podikasti zinaweza kuusoma. Kabla ya hapo, mkuu wa shule aiandikie TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuuliza kama mradi wenu unahitaji leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo zimeshafanyiwa marekebisho, zinataja huduma zinazohitaji leseni, na jibu la maandishi kwenye faili la shule ni kinga nzuri kuliko ubishi.

Ratiba na kurithishana

Kipindi kimoja kwa wiki tatu kinatosha: wiki ya kutafuta, wiki ya kurekodi, wiki ya kuandika na kuhariri. Anayeahidi kila wiki atakuwa ameacha kabla ya mitihani ya katikati ya muhula.

Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo wakabidhi kazi kabla ya Agosti kuisha, kila mmoja akikaa na mrithi wake kwa kipindi kizima cha kutengeneza. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya shule, kamwe si ya mwanafunzi wala ya mwalimu binafsi, kwa sababu walimu nao huhamishwa. Nywila iandikwe kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mlezi wa klabu, nyingine kwenye kabati la mkuu wa shule, na ibadilishwe kila Januari.